Mimi ni Mzima wa Afya: Jinsi ya Kusoma Barua ya Mchimba Migodi

Kaka yangu ako Doha, mwaka wa tatu sasa. Kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, anatuma ujumbe wa sauti. Mama anasogea dirishani, pale netiwaki inaposhika vizuri, anaweka simu sikioni na kunyamaza. Ujumbe huwa ni ule ule. "Mathe, niko poa. Kazi inaendelea. Joto iko lakini tumezoea. Nimetuma kitu kidogo, angalia M-Pesa. Salimia watu wote." Sekunde arobaini, basi. Mama anaurudia mara nne, mara tano. Mimi nilikuwa nausikiliza mara moja tu na kurudi kwa shughuli zangu. Si ni yale yale?

Kumbe msomaji mbaya nilikuwa mimi. Na walionifundisha hivyo ni watu ambao sikuwatarajia kabisa: wachimba migodi wa Uingereza waliokufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Stori ilianza na kitabu. Mwaka 1972 mwanahistoria Charlotte Erickson alichapisha Invisible Immigrants, yaani wahamiaji wasioonekana. Ni mkusanyiko wa barua ambazo Waingereza na Waskoti waliohamia Marekani katika karne ya 19 waliwaandikia watu wa nyumbani. Humo kuna wakulima, kuna wafanyakazi wa viwandani, kuna makarani na wafanyabiashara. Aliwaita wasioonekana kwa sababu walifika Marekani wakiwa na ngozi, lugha na dini ya wenye nchi. (Nasema wenye nchi nikimaanisha Wazungu waliotangulia. Wenyeji halisi walikuwa wanafukuzwa kwenye ardhi yao wakati huo huo.) Ukipita barabarani huwezi kumtambua mgeni. Lakini fungua barua yake, ugeni umejaa kila mstari.

Kwetu sisi Mwingereza huwa mlowezi, au mmishonari, au siku hizi ekspati anayekunywa kahawa Westlands. Neno "mhamiaji" tumemwekea yule dada anayelala kwenye sakafu ya uwanja wa ndege akimngoja ejenti. Kwa hivyo kumsoma Mwingereza aliyeondoka kwao kwa sababu mfuko umekauka, anayelala vitanda vinne kwa chumba kimoja na kuhesabu senti za stempu, ni zoezi zuri kwa msomaji wa Nairobi. Linanyoosha shingo kidogo.

Chukua watu wa Cornwall, ile ncha ya kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. (Wengine wao watakwambia hadi leo kwamba wao si Waingereza, ni watu wa Cornwall. Usibishane nao.) Kwa vizazi walikuwa wamechimba bati na shaba. Miaka ya 1820 baadhi yao walienda Real del Monte, Mexico, kwenye migodi ya fedha. Miaka ya 1830 wakaanza kufika Mineral Point, Wisconsin, kuchimba madini ya risasi. Baadaye wakafuata dhahabu hadi Grass Valley, California. Mwaka 1866 bei ya shaba ikaanguka, migodi ya nyumbani ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na watu wakaondoka kwa wingi. Dhahabu ya Witwatersrand ilipopatikana 1886, njia ikageuka kuelekea Johannesburg.

Palikuwa na msemo kwamba popote penye shimo ardhini, chini yake utamkuta mtu wa Cornwall. Na jina lao la utani lilikuwa Cousin Jack, Binamu Jack. Inasemekana kila msimamizi alipohitaji mfanyakazi, mmoja wao aliruka na kusema ana binamu yake huko nyumbani, anaitwa Jack, kijana mwenye bidii sana. Sisi pia tuna binamu kama huyo kwa kila mjengo wa jiji hili.

Sasa tuje kwa barua zenyewe, kwa sababu mimi nataka kuzisoma kama fasihi. Wanahistoria wamezisoma kama ushahidi, na wamefanya kazi nzuri. Ila ushahidi unauliza barua inasema nini. Fasihi inauliza imesemaje, na imenyamazia nini.

Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni salamu ya kukariri. Barua nyingi za zama hizo zinaanza kwa njia moja: mwandishi anasema ameshika kalamu, yeye ni mzima, na anatumai mistari hii michache itawakuta nyumbani wakiwa vivyo hivyo. Ukisoma ya kwanza unaipita. Ukifika ya ishirini unataka kutupa kitabu. Halafu unakumbuka zile barua za kwetu zilizokuwa kwenye sanduku la nyanya, zenye salamu nyingi kama mchanga wa bahari. "Mimi huku ni mzima wa afya, sijui wewe mwenzangu. Ama baada ya salamu…" Tuliwacheka wazee wetu kwa hilo. Kumbe mtu wa Wisconsin naye alikuwa anaandika hivyo hivyo, bila kuwahi kusikia jina la Kenya.

Nadhani najua kwa nini. Barua ilikuwa inafika wiki kadhaa baada ya kuandikwa. Anayeipokea ana swali moja tu kabla ya maswali mengine yote: huyu mtu yuko hai? Sentensi ya kwanza inajibu hilo, na inajibu kwa maneno yale yale ya siku zote ili moyo utulie. Siku maneno yakibadilika, jua kuna jambo. Kwa hivyo mama anaporudia "niko poa" mara tano, hatafuti habari mpya. Anapima kama "poa" ya wiki hii ni ile "poa" ya wiki iliyopita.

Jambo la pili ni gharama. Kuanzia 1849, barua ya nusu aunsi kati ya Marekani na Uingereza ililipiwa senti 24 za Marekani. Kwa mtu wa jembe na nyundo hiyo haikuwa pesa ya kuchezea. Wengine walijaza ukurasa kwa mlalo, kisha wakaugeuza na kuandika kwa wima juu ya maandishi yale yale, hadi karatasi ikaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Kama wewe ni wa kile kizazi cha kuflashi, cha kupanga na mtu wako kwamba mlio mmoja ni "nimefika" na miwili ni "nipigie", hiyo akili unaijua.

Sasa mtu ambaye kila neno linamgharimu anaandika nini? Anaandika bei. Unga ni kiasi gani, nyama kiasi gani, buti, kodi ya chumba, mshahara wa siku. Kurasa nzima. Mhakiki mwenye haraka atasema hapa hakuna fasihi, hapa kuna daftari la duka. Mimi nasema bei ndizo zinazobeba moyo wa hizo barua. Kule nyumbani mtu anasoma akiwa na uamuzi mkononi: nije? Nimtume kijana? Niuze ng'ombe? Kila bei ni hoja. Na mwandishi amebanwa pande mbili. Akisifu sana, ndugu watapanda meli na kumkuta mahali ambapo hapafanani na sifa zake. Akilalamika, itasemwa kanisani kwamba ameshindwa. Ndiyo maana sauti yake inayumba ndani ya aya moja, akisifu mshahara na papo hapo akionya kwamba maisha ni ghali. Manze, hiyo ni kazi ngumu ya usimulizi, na wengi wao waliifanya baada ya zamu, kwa mshumaa.

David Gerber, mwanahistoria mwingine, aliandika juu ya barua hizi kitabu kizima, Authors of Their Lives, mwaka 2006. Pia ameandika makala kuhusu jinsi wahamiaji walivyodanganya na kuficha mambo kwenye barua. Hoja yake kubwa ni kwamba lengo la barua hizi lilikuwa kushikilia uhusiano kuliko kupasha habari, na kwamba mtu alikuwa anajijenga upya kwa kujiandika. Nakubaliana naye. Kuficha ni sehemu ya ustadi. Ila nataka kusukuma hoja hiyo mbele kidogo, kwa sababu naona ndani ya barua hizi kuna ukimya wa aina mbili, na tukiuchanganya tutasoma vibaya.

Ukimya wa kwanza ni huu. Katika barua nilizosoma kutoka miji ya migodi, mgodi wenyewe ni nadra kuuona. Utaambiwa kuhusu kanisa la Kimethodisti, theluji, nani ameoa, nani amewasili juzi kutoka kijiji jirani. Mtu akishuka chini ya ardhi, barua inabaki juu ikimngoja. Kwa upande mmoja hapakuwa na haja ya kueleza, maana baba anayesoma alishuka mashimo hayo hayo tangu utotoni. Kwa upande mwingine, nani anataka mkewe alale akiona jiwe linaning'inia juu ya kichwa chako? Huu ni ukimya wa upendo. Mtu anabeba mzigo peke yake ili wengine walale.

Upendo huo uliua watu. Nitaeleza. Mwishoni mwa karne ya 19 migodi ilianza kutumia mashine za kutoboa mwamba zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Ziliongeza kasi ya kazi, lakini zilitoa vumbi laini sana, na miamba ya Witwatersrand ina silika nyingi. Vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Linaacha makovu, pumzi inapungua mwaka hadi mwaka, hadi mtu hawezi kupanda ngazi. Mwaka 1904 J. S. Haldane, mwanasayansi aliyebobea katika mambo ya upumuaji, alitoa ripoti na wenzake kuhusu afya ya wachimbaji wa Cornwall. Wanaume walikuwa wanakufa kupita kiasi, wengine wakiwa bado vijana. Chanzo kilikuwa vumbi la mawe, na wengi wa waliokufa walikuwa wametumia zile mashine Transvaal, kisha wakarudi nyumbani.

Hebu iangalie kama hadithi. Kwa miaka mitano, sita, barua zinafika Redruth kwa meli ya posta kutoka Afrika Kusini, na pesa ndani yake, na kila moja inaanza kwa "mimi ni mzima". Halafu mwandishi mwenyewe anafika na kifua chake. Sura ile aliyokuwa ameiruka kwenye kila barua, mwili wake ndio unaikamilisha, mbele ya mke na watoto, kwa kukohoa.

Na huyo mke je? Lesley Trotter ameandika kitabu kuhusu wanawake hao, The Married Widows of Cornwall, mwaka 2018. Wajane walioolewa. Jina lenyewe linatosha kuwa shairi. Waliendesha mashamba, walilea watoto, walilipa madeni, na walingoja. Zingine za hizo barua zilikoma ghafla, na mwanamke akabaki hajui kama mumewe amekufa au ameanza maisha mengine. Wengine walilazimika kuomba msaada wa maskini.

Hapa ndipo ninapokosana na mikusanyiko ya barua kwa jumla, hata ile mizuri kama ya Erickson. Barua inayohifadhiwa ni ile iliyofika kwenye nyumba yenye droo. Mke alikuwa na droo. Mume alikuwa anahama kutoka bweni hadi bweni, mgodi hadi mgodi, na barua za mke zikapotea njiani. Kwa hivyo tunachosoma mara nyingi ni nusu ya mazungumzo. Ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu ndani ya matatu: unasikia "ndio", "hapana", "nitajaribu", na swali hulijui. Mhakiki anayesahau hilo atamwona mwanamume huyo kuwa mwandishi anayejisimulia kwa uhuru, na kumbe karibu kila aya ni jibu kwa mwanamke ambaye karatasi zake zimepotea.

Ukimya wa pili ni mchungu zaidi, na hapa lazima turudi Afrika. Mchimbaji Mzungu wa Johannesburg hakuchimba peke yake. Nyuma yake, mbele yake, chini yake, walikuwepo Waafrika walioshika nyundo, waliobeba mawe, waliovuta vumbi lile lile kwa mshahara mdogo mara nyingi kuliko wake. Sheria ya migodi ya 1911 iliweka msingi wa kuzipa kazi za ufundi rangi, na vyama vya wafanyakazi Wazungu vilipigania hali hiyo ibaki. Sasa fungua barua umtafute huyo Mwafrika. Ukimpata, ni kama sehemu ya hali ya hewa, pamoja na joto na inzi. Huu haukuwa ukimya wa kumwonea mtu huruma. Mwandishi hakuficha chochote. Hakuona.

Kitu kimoja hakinitoki akilini. Kabla ya dhahabu ya Johannesburg palikuwa na almasi ya Kimberley, na wachimbaji kutoka Cornwall walifika huko pia. Wafanyakazi Waafrika walifungiwa kwenye kambi kwa muda wote wa mkataba, na kupekuliwa mwilini kabla ya kuachiliwa, wasije wakaondoka na jiwe. Mwaka 1894 posta ya Kimberley iliajiri kijana wa Kitswana ambaye hakuwa amefikisha miaka 18, akawa anasambaza simu za maandishi na barua mjini. Jina lake Solomon Plaatje. Huyo huyo aliyekuja kuandika Native Life in South Africa, 1916, na riwaya ya Mhudi, 1930, na kumtafsiri Shakespeare kwa Setswana.

Fikiria picha hiyo vizuri. Barua za mji mzima wa migodi zinapita mikononi mwa Mwafrika ambaye atakuwa mwandishi mkubwa kuliko yeyote kati ya wenye barua hizo, na ndani ya bahasha hakuna mtu kama yeye. Erickson anaposema wahamiaji wasioonekana, neno hilo linabadilika ukilibeba hadi Kimberley. Kule Marekani Mwingereza hakuonekana, na hiyo ilikuwa bahati yake, maana aliyeyeyuka kwenye umati hakusumbuliwa na mtu. Kimberley, asiyeonekana alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa posta, na kutoonekana huko hakukuwa bahati.

Kwa hivyo naomba tusikimbilie kusema "hawa ni kama sisi". Ni kama sisi kwenye salamu, kwenye bei, kwenye upweke, kwenye kikohozi. Lakini Cousin Jack alipochoka na bosi wa Grass Valley alifunga virago akaenda mgodi mwingine. Kaka yangu alifika chini ya mfumo wa kafala, na paspoti yake ilikaa kwa mwajiri miezi ya kwanza, jambo ambalo tulilijua baadaye sana kwa bahati, kupitia rafiki yake. Kwenye ujumbe wa Ijumaa hakuligusia. Alisema ako poa.

Kazi yake ni ya mjengo. Anakata vigae na marumaru kwa grainda. Nilikuwa najua hilo siku zote na halikuwahi kunisumbua, hadi usiku mmoja nilipokuwa nasoma kuhusu ripoti ya 1904 na kufika mahali pa dawa yake. Haldane alipendekeza jambo rahisi: maji. Nyunyiza maji pale mashine inapogusa jiwe, na vumbi halitapaa. Zaidi ya miaka mia moja tumeijua dawa, na ni maji.

Nilichukua simu ya mama, nikarudi nyuma kwenye zile jumbe. Nilisikiliza za miezi minane mfululizo, na safari hii nilimsikiliza jinsi mama anavyomsikiliza. Maneno yalikuwa yale yale. Lakini kuanzia mwezi wa pili kuna mahali, kati ya "tumezoea" na "nimetuma kitu kidogo", anapokata na kuvuta hewa. Kwenye ujumbe mmoja anakohoa na kucheka, anasema ni AC ya chumbani. Mama alikuwa amemjibu siku hiyo hiyo, na jibu lake nilikuwa sijawahi kulisikiliza: "Baba, hiyo AC iko na wewe tangu Januari?"

Nikamwandikia kaka yangu. Sikumuuliza uko aje. Nilimuuliza: "Hiyo grainda mnakatia vigae, iko na maji?"

Alama mbili zikawa buluu. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena. Baada ya karibu robo saa jibu likaja, na kwa mara ya kwanza lilikuwa la maandishi: "Nani amekuambia?"

Mama alikuwa jikoni. Akaniuliza kama huyo ni kaka yako amejibu. Nikamwambia ndio, amesema ako poa.

Alinitazama kidogo. Kisha akapangusa mikono kwa leso, akaniomba simu yake.